Ufadhili wa Shahada ya Uzamili kwa Anayelenga Utumishi wa Umma katika Mambo ya Kimataifa: Mwongozo kwa Wahitimu wa Arusha na Moshi

Mhitimu anayeishi Arusha au Moshi na kutamani kazi ya diplomasia, ya jumuiya za kikanda au ya mashirika ya kimataifa hukutana na matangazo ya ufadhili karibu kila wiki kwenye makundi ya WhatsApp, na mara nyingi huanza kwa kujaza fomu. Mwongozo huu unamwomba aanze kwingine. Aanze na kazi anayotaka kuifanya akisharudi nyumbani, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua: kutoka kwenye kazi aifikie kozi, na kutoka kwenye kozi amfikie mfadhili. Fedha zinazotolewa na serikali za nje na taasisi kubwa kwa fani hii si zawadi ya kufaulu mitihani. Mfadhili hulipa ada, nauli na posho ya kujikimu kwa sababu anamtafuta mtu atakayekuwa na wajibu wa umma miaka mitano au kumi baadaye, na mwombaji asiyeweza kuutaja wajibu huo huachwa hata kama alihitimu kwa daraja la kwanza.

Hatua ya kwanza: itaje kazi kwa jina lake

Usiandike kwamba unataka kuwa mwanadiplomasia. Andika ni ofisi gani, idara gani, na jambo gani litakalokuwa mezani kwako. Unaweza kuwa ofisa wa mambo ya nje katika Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, ofisa wa forodha wa Mamlaka ya Mapato anayeshughulika na kanuni za uasili wa bidhaa, yaani zinazoamua bidhaa imetoka nchi gani, mtafiti wa sheria katika mahakama ya kikanda, au ofisa wa wizara ya kilimo anayejadiliana na wanunuzi wa nje. Kila moja ya kazi hizi inadai kozi tofauti, na mtu anayezichanganya huishia kuomba shahada ya uhusiano wa kimataifa wakati alichohitaji ni sheria ya biashara au sera za umma.

Kwa jambo hili Arusha ina utajiri ambao wahitimu wengi wa hapa hawautumii. Mkataba ulioirejesha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mjini hapa tarehe 30 Novemba 1999, na makao makuu ya Jumuiya yapo hapa pamoja na Bunge la Afrika Mashariki na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekuwa hapa tangu mwaka 2007. Katika eneo la Lakilaki lipo tawi la taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi zilizobaki za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, ile iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Umoja wa Posta Afrika una makao yake hapa, na Bodi ya Ushauri ya Umoja wa Afrika dhidi ya Rushwa vilevile. Watu wanaofanya kazi unayoitamani wanakunywa chai kwenye mji uleule unaoishi.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua tovuti yoyote ya ufadhili, tafuta ratiba ya mashauri ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki au ya Mahakama ya Afrika, vaa nguo za heshima, beba kitambulisho, ukakae kwenye viti vya wasikilizaji. Mashauri husikilizwa hadharani. Sikiliza jinsi wakili wa serikali anavyojenga hoja, na jinsi jaji kutoka nchi nyingine anavyomuuliza. Kisha soma matangazo ya ajira ya Jumuiya, hata kama huna sifa za kuomba, uone ni shahada gani na uzoefu wa miaka mingapi unaotakiwa kwa kila cheo. Matangazo hayo ndiyo ramani ya kuaminika zaidi ya kazi hizi, kwa sababu yameandikwa na mwajiri mwenyewe.

Aliye Moshi asidhani kwamba mambo ya kimataifa yapo Arusha tu. Bodi ya Kahawa iko Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, kiko Moshi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 2023/1115, inayotaka kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yanayoingia kwenye soko lake yathibitishwe kwamba hayakutoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba kila shamba lionyeshwe kwa viwianishi vyake vya kijiografia. Huo ni mjadala wa kidiplomasia unaoamua kipato cha mkulima wa Kibosho na Rombo, na taifa linahitaji watu wanaoujua kutoka pande zote mbili. Mhitimu wa ushirika aliyewahi kufanya kazi na chama cha msingi ana hoja yenye nguvu kuliko anavyofikiri.

Hatua ya pili: hakikisha unaruhusiwa kuomba

Hatua hii ni fupi lakini inaokoa miezi. Orodha nyingi zinazosambazwa mtandaoni hutaja programu za Kimarekani za Rangel na Pickering, ambazo kwa kweli ndizo mfano mzuri kabisa wa ufadhili wa uzamili unaomwandaa mtu kwa utumishi wa mambo ya nje: mwanafunzi hulipiwa masomo, hupewa mafunzo kwa vitendo bungeni au wizarani na ubalozini, kisha huingia kwenye utumishi wa kidiplomasia na kutumikia kwa miaka iliyokubaliwa. Programu hizo, pamoja na ufadhili wa Truman ulioanzishwa kwa sheria ya bunge la Marekani mwaka 1975, ni za raia wa Marekani peke yao. Mtanzania akikesha kuandika insha za Rangel atakuwa amepoteza muda ambao angeutumia kwa programu iliyo wazi kwake. Jifunze kutokana na muundo wake, basi. Soma sifa za uraia kwanza, kisha umri, kisha miaka ya kazi, kisha daraja la shahada. Likikosekana moja, funga ukurasa uende kwingine.

Kuna jambo jingine la kuangalia mapema. Ukiwa tayari mtumishi wa umma, iwe halmashauri, wizara au taasisi, huwezi kuondoka kwa sababu tu umepata barua ya ufadhili. Unahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, na baadhi ya ufadhili, hususan ule wa KOICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Korea Kusini, kwa maofisa wa serikali, hupitia serikalini kwa uteuzi. Zungumza na ofisa utumishi wako kabla ya kuomba, na uhakikishe masomo yako yameingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi.

Hatua ya tatu: linganisha wafadhili na kalenda

Mwaka wa mwombaji hauanzi Januari na kuisha Desemba. Masomo ya Ulaya huanza Septemba au Oktoba, na maombi yake hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla, kwa hiyo anayetaka kuwa darasani mwakani anatakiwa aanze kuandaa nyaraka mwaka huu mwanzoni.

Kwa fani hii, Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, ndiyo inayojulikana zaidi hapa nchini, na inastahili kuelezwa kwa kirefu. Hugharimia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, unaohesabiwa kuwa saa 2,800, na wengi hawajui kwamba kazi ya kujitolea na mafunzo kwa vitendo huhesabiwa pia. Saa 2,800 ni sawa na wiki 70 za saa 40. Aliyejitolea kwenye kituo cha msaada wa kisheria au kwenye asasi ya vijana pale Unga Limited kwa siku chache kila wiki anaweza kukuta amekaribia hesabu hiyo, ilimradi awe na mtu wa kuthibitisha. Hakuna ukomo wa umri. Unachagua kozi tatu, na ninashauri zote zielekee kwenye kazi ileile uliyoitaja katika hatua ya kwanza, kwa sababu anayechagua sera za umma, usimamizi wa biashara na mawasiliano kwa pamoja anaonyesha kwamba hajaamua. Maombi hufunguliwa Agosti au Septemba na hufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Ukipata, unaahidi kurudi nyumbani na kukaa angalau miaka miwili. Sharti hilo lisikutishe. Kwa mtu anayelenga utumishi wa umma ndilo linalomfaa.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una milango miwili ambayo watu huichanganya. Mmoja hupitia kwa mteuzi wa kitaifa, ambaye kwetu ni wizara yenye dhamana ya elimu, na mwingine, ule wa kushirikiana na vyuo, hupitia kwenye chuo chenyewe cha Uingereza na humlenga mtu asiyeweza kujilipia. Yote miwili huuliza kwa mkazo masomo yako yataleta nini kwa maendeleo ya nchi yako, na jibu la jumla halipiti.

Ujerumani ina programu ambayo naona haijapewa uzito unaostahili hapa kwetu. Ni programu ya Helmut Schmidt ya DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, iliyotengenezwa mahususi kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea wanaotaka kusoma sera za umma na utawala bora ili wakatumikie nchi zao. Maombi hupokelewa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Julai, na hutumwa moja kwa moja kwenye vyuo vinavyoshiriki, kama vile Willy Brandt School ya Erfurt au Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, wala hayatumwi kwa DAAD yenyewe. Kozi nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, na kabla ya masomo unapewa miezi kadhaa ya kujifunza Kijerumani. Shahada yako ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka sita, kwa hiyo usiisubirishe.

Kwa anayelenga amani na usuluhishi, Rotary ina ufadhili wa amani ambao maombi yake hufunguliwa karibu na Februari na kufungwa tarehe 15 Mei. Shahada ya uzamili husomwa kwenye vyuo kama Bradford cha Uingereza au International Christian University ya Tokyo, na upo pia mkondo wa cheti cha kitaalamu kwa watu wenye uzoefu wa kazi wa kutosha, ambao kituo chake kimojawapo kiko Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Vilabu vya Rotary vipo Arusha na Moshi, na wanachama wake hupenda kueleza utaratibu. Hata hivyo, mwanachama hai wa Rotary haruhusiwi kuomba ufadhili huu, kwa hiyo anayefikiria kujiunga na klabu ili kujiongezea sifa atakuwa amejifungia mlango.

Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hukupeleka kwenye vyuo vya nchi mbili au zaidi, hulipa ada, na hutoa posho ya euro 1,400 kwa mwezi. Kozi zake ni nyingi na kila moja ina tarehe yake, nyingi zikiwa kati ya Oktoba na Januari. Schwarzman, kwenye Chuo Kikuu cha Tsinghua mjini Beijing, ni ya mwaka mmoja katika mambo ya dunia na huwapokea wenye umri wa miaka 18 hadi 28. Fulbright, iliyoanzishwa mwaka 1946, hutangazwa kupitia ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na ya Humphrey, iliyoanza mwaka 1978, huwafaa wenye angalau miaka mitano ya kazi na haitoi shahada. Tarehe na masharti ya programu za serikali hubadilika kufuatana na bajeti za nchi husika, hivyo kila msimu soma tovuti ya mfadhili mwenyewe, usitegemee picha iliyosambazwa.

Usiombe programu kumi. Tatu zilizoandaliwa vizuri zinatosha mwaka mmoja, na mpangilio mzuri kwa mwombaji wa huku ni ule wa kuanza na Ujerumani katikati ya mwaka, kuhamia Chevening na Jumuiya ya Madola kuanzia Agosti, na kumalizia na Erasmus Mundus, kwa sababu insha na barua za mwanzo hukupa msingi wa zile zinazofuata.

Hatua ya nne: nyaraka

Pasipoti ya kielektroniki huombwa Uhamiaji na hugharimu shilingi 150,000. Utahitaji namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Angalia kwamba jina lako limeandikwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, cheti cha chuo na pasipoti. Herufi moja inayotofautiana, Joyce na Joice, Mushi na Moshi, inatosha kukusumbua kwenye viza, na marekebisho kwa njia ya kiapo kwa wakili huchukua muda, hivyo yafanye sasa.

Transkripti iombwe mapema chuoni, kwa kuwa mwisho wa muhula foleni ni ndefu. Vyuo vyetu vingi hutumia kipimo cha 5.0, ambapo daraja la pili la juu huanzia 3.5. Unapojaza fomu ya kigeni, andika GPA yako kama ilivyo pamoja na kipimo chake, kwa mfano 3.7 kati ya 5.0, na usijigeuzie mwenyewe kwenda kwenye kipimo cha 4.0. Wafadhili wana watu wa kazi hiyo, na tarakimu isiyolingana na transkripti huonekana kama udanganyifu hata pale ambapo haukukusudiwa.

Mtihani wa lugha, kama IELTS au TOEFL, una ada kubwa na matokeo yake hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Soma kwanza kama chuo chako kinaudai, maana baadhi hukubali uthibitisho kwamba shahada ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza. Kwa masomo ya Uingereza yanayozidi miezi sita, viza hudai kipimo cha kifua kikuu kinachofanyika Dar es Salaam kwenye kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, kwa hiyo tenga nauli ya basi na malazi ya siku hizo kabla hujapewa posho yoyote.

Na uwe mwangalifu na matapeli. Chevening, Jumuiya ya Madola na Rotary hawatozi ada ya maombi. Yeyote anayekuomba utume fedha kwa simu ili ombi lako lishughulikiwe ni mwizi, hata kama barua yake ina nembo. Vyuo vyenyewe vinaweza kuwa na ada halali ya maombi, lakini hiyo hulipwa kwenye mfumo wa chuo na huonekana kwenye tovuti yake.

Hatua ya tano: insha

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo ninapotamani kila mhitimu wa huku atumie muda wake mwingi. Insha za wafadhili karibu wote huuliza mambo yaleyale: umewahi kuongoza nini, unashirikiana vipi na watu, kwa nini kozi hii, na utafanya nini ukirudi. Zote huandikwa kwa Kiingereza na huwa na ukomo wa maneno, kwa hiyo kila sentensi lazima ibebe kitu.

Tuseme mwombaji wa Moshi ameandika hivi: «Nimekuwa na ndoto ya kuwa mwanadiplomasia tangu utotoni, na ninaamini ufadhili huu utanisaidia kuiletea nchi yangu maendeleo.» Hakuna kosa la sarufi, lakini sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu yeyote wa nchi yoyote, na msomaji wa insha ataiona mara nyingi kwa siku moja. Sasa tuseme mwombaji huyohuyo ameandika hivi: «Msimu uliopita nilizunguka na makatibu wa vyama vya msingi vitatu vya Rombo kuchukua viwianishi vya mashamba ya kahawa kwa simu, kwa sababu ya kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya. Kwenye kijiji kimoja kihamba, yaani shamba la ukoo, cha ekari moja kilikuwa kimegawanywa kwa ndugu wanne bila hati, na fomu ya mnunuzi ilikuwa na nafasi ya mmiliki mmoja. Tulikaa na wazee wa ukoo, tukakubaliana nani atajaza kwa niaba ya wenzake, na makubaliano hayo yakaandikwa kwenye daftari la chama. Nataka kusoma sera za biashara ya kimataifa ili suala la kihamba lifike mezani kabla kanuni kama hiyo haijapitishwa.»

Angalia kilichotokea. Uongozi umeonekana bila neno uongozi kutajwa, ushirikiano umeonekana kwenye kikao cha wazee, sababu ya kozi imetoka kwenye tatizo lenyewe, na kazi ya baadaye imejitaja. Hivyo ndivyo insha zinavyopaswa kufungamana: jambo ulilolifanya hapa, kikwazo ulichokutana nacho, elimu inayokosekana, na nafasi utakayorudi kuishika. Mwenzako wa Longido anaweza kuandika kwa njia hiyohiyo juu ya akina mama wanaovusha maharage Namanga, ambao kwa utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya, wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wanastahili cheti rahisi cha uasili lakini wengi bado hupita njia za panya kwa kutojua haki hiyo.

Taja moduli za kozi kwa majina na ueleze kwa nini moja au mbili zinahusiana na tatizo lako. Taja pia Kiswahili kama ujuzi wa kazi. Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022, na mtumishi anayeweza kuandika muhtasari rasmi kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiingereza ana thamani kwenye taasisi za ukanda huu. Usinunue insha steshenari, wala usiiachie programu ya akili mnemba ikuandikie. Mbali na kwamba wafadhili hukagua, kwenye usaili utaulizwa mambo ambayo hukuyaandika wewe.

Hatua ya sita: wadhamini

Mdhamini mzuri ni yule anayekujua kazini au darasani, si yule mwenye cheo kikubwa. Barua ya mkuu wa idara uliyemsaidia kuandaa taarifa ina uzito kuliko barua ya mbunge aliyekutana nawe kwenye sherehe. Waombe angalau mwezi mmoja na nusu kabla ya tarehe ya mwisho, na usiwaachie kazi ya kukumbuka. Ujumbe unaweza kuwa hivi: «Shikamoo Mwalimu. Ni mwanafunzi wako wa darasa la sheria za ushirika, mwaka wa tatu, niliyeandika chini ya usimamizi wako utafiti wa stakabadhi ghalani. Ninaomba ufadhili wa shahada ya uzamili wa DAAD, na tarehe ya mwisho ni 31 Julai. Naomba, kama nafasi yako inaruhusu, uniandikie barua ya mapendekezo. Nimeambatanisha wasifu wangu, rasimu ya insha na maelezo ya kozi. Ikiwa una majukumu mengi, nitaelewa kabisa.» Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, mkumbushe kwa adabu mara moja, au mpitie ofisini. Majibu yakitoka, mpe taarifa hata kama umekosa, kwa sababu utamhitaji tena.

Hatua ya saba: usaili

Ukiitwa kwenye usaili, jua kwamba karatasi zako zimekubaliwa na sasa wanataka kukuona ukifikiri. Rudia insha zako mpaka uweze kueleza kila mfano bila kusoma. Jiandae pia kujadili msimamo wa nchi yako kwenye jambo gumu. Kwa mkazi wa Arusha swali la Mahakama ya Afrika ni la kutarajiwa: Tanzania iliweka tamko mwaka 2010 la kuruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja mahakamani hapo, kisha ikaliondoa mwezi Novemba 2019. Mtumishi wa mambo ya nje anatakiwa aweze kueleza hoja za serikali kwa haki na hoja za wanaopinga kwa haki, halafu atoe maoni yake kwa lugha ya staha. Fanya mazoezi ya jambo hilo na mwenzako, mmoja akiwa upande huu na mwingine upande ule, kisha mbadilishane.

Usaili ukiwa wa mtandaoni, usiufanyie nyumbani kama umeme wa mtaa wenu hukatika. Omba chumba kwenye maktaba, chuoni au kwa rafiki mwenye intaneti ya uhakika, na uweke bando la akiba kwenye simu.

Wakati wa kusubiri, na baada ya kurudi

Majibu huchukua miezi. Utumie muda huo kuongeza uzoefu, iwe umekubaliwa au la. Jumuiya ya Afrika Mashariki na mahakama za hapa hutangaza nafasi za mafunzo kwa vitendo, na taasisi za Umoja wa Mataifa huwapokea walio masomoni au waliohitimu karibuni, ingawa mara nyingi bila malipo, jambo ambalo ni afadhali kwa mkazi wa Arusha anayelala kwao kuliko kwa mtu wa mbali anayelazimika kupanga chumba. Umoja wa Afrika una mpango wa vijana wa kujitolea, ulioanza mwaka 2010, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 35, na hutumikia miezi 12. Anayehitaji kuanza masomo bila kuondoka nchini ana Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, ambako unaweza kusoma stashahada ya uzamili na kukutana na walimu waliotumikia ubalozini. Ukikataliwa na mfadhili, omba tena msimu unaofuata ukiwa na jambo jipya la kusema. Wafadhili wengi hawaweki kikwazo kwa anayerudia.

Ukirudi na shahada ya nje, iwasilishe Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ili itambuliwe, na ulifanye hilo wiki za mwanzo, kwa kuwa waajiri wa umma huuliza uthibitisho huo. Fungua au uhuishe akaunti yako kwenye mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako nafasi za wizara hutangazwa, na uweke namba yako ya NIDA na vyeti vyote kabla tangazo halijatoka, kwa sababu muda wa kuomba huwa mfupi. Nafasi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina njia yake: hutangazwa na Jumuiya yenyewe na hugawanywa kwa kuzingatia uwiano wa nchi wanachama, kwa hiyo soma kwenye kila tangazo kama Watanzania wanaruhusiwa kuomba nafasi hiyo kabla ya kuandika barua.